Dakika za Mgonjwa: Kujilinganisha na Wenzetu Katika Huduma za Dharura

Hotuba kwa watumishi wa idara za dharura

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi, madaktari, matabibu, wenzangu wa zamu za usiku, na ninyi madereva wa magari ya wagonjwa ambao ni nadra kualikwa kwenye vikao kama hivi: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie ubora wa huduma za dharura, hasa ule utaratibu wa hospitali kupima kazi yake na kuiweka kando ya kazi ya hospitali nyingine. Nitasema mapema ninachokiamini, ili atakayeitwa wodini katikati ya maneno yangu asikikose. Kujilinganisha kunaokoa maisha pale namba inapomwondoa mtu kitini kwenda kumuuliza mwenzake, "Ninyi mnafanyaje?" Namba inayobaki imebandikwa ukutani, au inayosomwa kikaoni ili fulani aone haya, haimfikii mgonjwa hata kidogo.

Nianzie mbali, Helsinki, mji mkuu wa Ufini, kwa sababu sijaona mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko huo.

Mtu akipata kiharusi cha damu kuganda na kuziba mshipa mkubwa wa ubongo, kila dakika inayopita kabla mshipa haujazibuliwa inaua chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9. Ipo dawa ya kuyeyusha donge hilo, alteplase. Inafaa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Lakini haitolewi kwa kubahatisha. Kuna kiharusi kingine cha mshipa kupasuka, na mgonjwa wa aina hiyo ukimpa dawa hii waweza kumuua. Kwa hiyo lazima kichwa kipigwe picha kwanza kwa mashine ya CT, na hapo ndipo dakika zinapopotelea: mapokezi, kusubiri daktari, kusubiri maabara, kusubiri mtu wa kusukuma machela, kusubiri mashine iwe wazi, kurudi, kusubiri dawa itoke stoo.

Mwaka 1998, katika Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu cha Helsinki, nusu ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo walisubiri dakika 105 au zaidi tangu wafike mlangoni. Kufikia mwaka 2011, dakika hizo 105 zilikuwa zimeshuka hadi 20. Dawa ni ileile. Ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi, na haukubadilika kwa agizo moja. Walibadilisha kitu kimoja, wakapima, wakabadilisha kingine, kwa zaidi ya miaka kumi. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakafundishwa kutambua kiharusi na kupiga simu wakiwa bado njiani. Jina na historia ya mgonjwa vikaanza kutafutwa kabla hajafika, vipimo vya maabara vikaagizwa kabla hajafika, ndugu zake wakaulizwa kwa simu dalili zilianza lini. Mashine ya CT ikahamishiwa karibu na chumba cha dharura. Mgonjwa akishushwa garini akawa anapelekwa moja kwa moja kwenye mashine, na dawa ikawa inaanzishwa palepale mezani pa CT, bila kumrudisha kwanza wodini. Ukitazama utaona wazo moja linapita humo mote: kila kinachoweza kufanyika kabla mgonjwa hajafika kifanyike kabla, ili akishafika yabaki machache mno ya kufanya.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana ndiyo kiini cha hotuba yangu. Hospitali ya Royal Melbourne huko Australia iliamua kuiga. Haikwenda kuchukua ile namba 20 na kuibandika ukutani kama lengo. Ilichukua hatua zenyewe. Atte Meretoja, daktari wa magonjwa ya ubongo aliyekuwa ameandika matokeo ya Helsinki, alifanya kazi Melbourne pia, kwa hiyo aliyejua namna ya kufanya alikuwepo kwa mwili wake, si kwa ripoti tu. Wakachagua mambo matatu: gari la wagonjwa litoe taarifa mapema pamoja na maelezo ya mgonjwa ili timu ya kiharusi imsubiri mlangoni, mgonjwa aende kwenye CT akiwa juu ya machela ileile ya gari, dawa itolewe hapohapo mara picha ikisomwa. Ndani ya miezi minne, muda wa kati tangu mlangoni hadi sindano, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa wako chini yake na nusu juu yake, ulifika dakika 25. Kazi iliyowachukua Helsinki zaidi ya mwongo mmoja, Melbourne waliifanya kwa miezi minne, kwa sababu makosa yote yalikuwa yameshafanywa na wengine na kulipiwa.

Na kuna jambo moja katika taarifa yao ambalo nalithamini kuliko hizo dakika 25. Walieleza wazi kwamba nafuu hiyo ilipatikana saa za kazi. Usiku na siku za mapumziko hali haikubadilika. Wangeweza kutangaza 25 wakanyamaza, nasi tungewapigia makofi. Badala yake waliitenga zamu ya mchana na ya usiku, kila mtu akaona palipobaki kazi. Ninyi mnaolala na simu mkononi mnajua usiku wa hospitali ulivyo. Takwimu isiyotenganisha usiku na mchana inamficha mgonjwa anayefika saa tisa za usiku.

Niwapeleke Marekani kidogo. Kule tatizo lilikuwa mshtuko wa moyo: mshipa wa moyo umeziba, na tiba ni kupitisha mrija na kipulizo ili kuuzibua. Miongozo ilisema kazi hiyo ikamilike ndani ya dakika 90 tangu mgonjwa afike mlangoni, na hospitali nyingi hazikufikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Elizabeth Bradley na Harlan Krumholz wakiwa mstari wa mbele, waliziendea hospitali zilizokuwa zikifanya vizuri na kusikiliza watu wa ngazi zote wakieleza kazi yao. Kisha wakaziuliza hospitali 365 zinafanyaje, wakatazama ni mazoea gani yanayoambatana na wepesi. Mwaka 2006 walitoa mambo sita, na ukiyasoma unashangaa yalivyo ya kawaida. Nitaje manne. Daktari wa chumba cha dharura aruhusiwe kuita timu ya moyo mwenyewe, asisubiri ruhusa ya daktari wa moyo. Simu moja iite timu nzima, badala ya kumpigia kila mtu yake. Timu ianze kuitwa mgonjwa akiwa njiani. Na matokeo ya kila mgonjwa yarudishwe haraka kwa wale waliomhudumia, ili wajue wamechukua dakika ngapi wakiwa bado wanamkumbuka.

Mwaka huohuo Chuo cha Madaktari wa Moyo cha Marekani kilianzisha kampeni ya kuyaeneza. Muda wa kati ulishuka kutoka dakika 96 mwaka 2005 hadi 64 mwaka 2010, na wagonjwa waliotibiwa ndani ya dakika 90 wakapanda kutoka asilimia 44 hadi asilimia 91. Kwa nchi kubwa kama ile, yenye hospitali zisizo na bosi mmoja, hayo ni mafanikio ya kweli na sitaki mtu ayadharau.

Lakini mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mwingine, wa wagonjwa karibu 97,000. Muda wa mlangoni ulikuwa umeshuka kutoka dakika 83 hadi 67. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 4.8 mwanzoni, na asilimia 4.7 mwishoni. Yaani karibu palepale.

Wataalamu walibishana sana juu ya sababu. Wapo waliosema aina ya wagonjwa ilikuwa imebadilika, kwamba waliokuwa wakiletwa sasa ni wagonjwa mahututi zaidi, na hoja hiyo ina uzito. Ila hoja inayonigusa zaidi ni hii: saa ya hospitali inaanza kuhesabu mlangoni, na saa ya moyo ilianza kuhesabu nyumbani. Mtu aliyevumilia maumivu ya kifua kwa saa tatu akidhani ni vidonda vya tumbo, ukimwokolea dakika 16 ndani ya hospitali umemfanyia jambo jema, lakini dogo mbele ya zile saa tatu. Hospitali zilikuwa zimepima kipande cha safari ambacho ni chao, zikakinyoosha vizuri, na kipande kirefu kikabaki kama kilivyo.

Hapa petu Tanzania kipande hicho cha nje ni kirefu kuliko cha Marekani. Mgonjwa wetu anakuja kwa bodaboda akiwa ameshikiliwa katikati ya dereva na shemeji. Anakuja kwa bajaji, au kwa lori la mchanga, baada ya kupitia duka la dawa na zahanati mbili. Tukipima kuanzia mlangoni tu, tutajisifu juu ya robo ya mwisho ya safari yake. Ndiyo maana naupenda mfumo wa m-mama, ambao tangu 2022 umekuwa ukienezwa nchini. Anayepiga 115 kwa ajili ya mama mjamzito au kichanga aliye hatarini anazungumza na kituo kinachotafuta gari, liwe la hospitali au la dereva wa jamii. Pale simu inapoingia panaweza kuandikwa saa. Gari linapoondoka, saa. Linapofika, saa. Kwa mara ya kwanza tunayo njia ya kuiona ile safari yenyewe, na wilaya moja kuiuliza nyingine, "Mbona gari lenu linaondoka mapema kuliko letu?" Majeruhi wa ajali na mgonjwa wa kiharusi wanastahili mfumo wa namna hiyohiyo.

Sitakaa sana Uingereza, ila siwezi kuiruka. Mwaka 2004 serikali yao iliweka kipimo kimoja kwa nchi nzima: asilimia 98 ya wanaofika idara za dharura wawe wameondoka, kwa kulazwa, kuhamishwa au kuruhusiwa, ndani ya saa nne. Mwaka 2010 kiwango kikapunguzwa hadi asilimia 95. Foleni zilipungua kwelikweli. Lakini watafiti walipochora saa ambazo wagonjwa walikuwa wakiondoka, waliona mlima umesimama dakika chache kabla ya saa ya nne kutimia. Magonjwa ya binadamu hayakubaliani kumalizika dakika hiyo. Kilichowasukuma watu ni saa ya ukutani. Na katika hospitali ya Stafford, ambako hali ilizorota mpaka ikaundwa tume ya uchunguzi, wakaguzi walikuta watu wa mapokezi wasio na mafunzo yoyote ya tiba ndio wanaowapima wagonjwa kwa macho wanapoingia idara ya dharura. Ripoti ya Robert Francis ya mwaka 2013 ilionyesha jinsi uongozi ulivyokuwa umeshughulishwa na malengo na fedha huku wagonjwa wakiteseka vitandani.

Sisi tuna neno letu kwa hili, tunasema takwimu zimepikwa. Na ninyi mnajua kwamba anayepika si lazima awe mwovu. Muuguzi aliyeko peke yake na wagonjwa 30, akijua kwamba kesho atasimamishwa kikaoni aeleze kwa nini namba yake ni nyekundu, ataandika saa itakayomponya. Nawaambia waganga wafawidhi mlioko mstari wa mbele hapa, kwa heshima zote: siku mtakapoitumia takwimu kumwadhibu mtu mmoja, mtakuwa mmezipoteza takwimu zote. Vikao vyetu vya kupitia vifo vya uzazi vimefundisha hivyo kwa miaka mingi. Panapoanza kutafutwa mchawi, maelezo ya kweli yanatoweka kwenye jalada kabla kikao hakijafunguliwa.

Sasa niingie kwenye jambo linaloonekana dogo na ambalo, kwangu, ndilo linalokwamisha juhudi nyingi: tunapima nini hasa?

Mwaka 1990 daktari wa Seattle, Mickey Eisenberg, pamoja na wenzake, walikusanya taarifa za miji 29 juu ya watu ambao moyo uliwasimama ghafla nje ya hospitali. Waliopona hadi kuruhusiwa walianzia asilimia 2 katika mji mmoja hadi asilimia 25 katika mwingine. Je, mji wa pili ulikuwa bora mara kumi na mbili? Hakuna aliyeweza kujibu kwa uhakika, kwa sababu kila mji ulihesabu kwa namna yake. Mmoja ulihesabu kila aliyeanguka, mwingine wale tu walioanza kufufuliwa. "Kupona" kwa mmoja kulikuwa moyo kurudi kupiga, kwa mwingine kulikuwa kwenda nyumbani kwa miguu yako. Mwezi Juni mwaka huohuo wataalamu walikutana katika nyumba ya zamani ya watawa iitwayo Utstein, karibu na Stavanger nchini Norwe, wakaanza kazi ya kukubaliana maana: moyo kusimama ni nini, saa ipi ihesabiwe, nani aingie kwenye hesabu na nani asiingie. Mpaka leo taarifa za namna hiyo huitwa kwa jina la nyumba ile. Baada ya hapo ndipo mji uliweza kuutazama mwingine usoni na kuuliza kwa nini watu wake wanapona zaidi.

Sisi hatujakubaliana hata juu ya kufika. Mgonjwa amefika lini? Alipopita kwa mlinzi getini? Alipoandikishwa? Nimefanya kazi mahali ambapo saa ya kufika ilikuwa ile inayochapwa kwenye risiti ya dirisha la malipo, na mgonjwa aliyekuwa amelazwa kwenye benchi nusu saa kabla ya hapo alikuwa bado hajafika, kwa mujibu wa rejista. Hospitali ya jirani ilihesabu kuanzia getini. Ukiwaweka kando kwa kando, yule mwaminifu ndiye anayeonekana mzembe.

Halafu kuna suala la saa yenyewe. Ndugu atakwambia baba ameanguka saa mbili asubuhi. Fomu inataka 08:00. Muuguzi aliyechoka anaandika 2:00, na mtunza takwimu, ambaye hakuwepo, anaingiza kwenye kompyuta saa mbili kama ilivyoandikwa. Mgonjwa aliyefika saa tatu asubuhi sasa anaonekana amekaa nyumbani na kiharusi kwa muda wa saa saba, amepitwa na muda wa dawa. Nawasihi, tukubaliane kuandika kwa mtindo wa saa 24 kwenye kila karatasi ya dharura, na kila chumba cha dharura kiwe na saa moja kubwa ukutani ambayo wote wanaifuata. Haigharimu kitu cha kumshinda mganga mfawidhi yeyote.

Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini, na mwaka huohuo mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hii yakaanza. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziimarishe mifumo ya dharura, pamoja na kukusanya takwimu kwa namna inayofanana. Baada ya mkopo wa UVIKO wa shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021, majengo ya dharura yamesimama katika hospitali nyingi ambazo zamani zilipokelea majeruhi kwenye kordo ya OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje. Majengo tunayo. Sasa tunaweza kuulizana.

Tusiulizane vibaya, lakini. Hospitali ya wilaya isijilinganishe na Muhimbili kwa idadi ya vifo. Muhimbili inapokea walioshindikana kwingine, kwa hiyo vifo vyake vitakuwa vingi hata ikifanya kila kitu sawasawa. Wilaya ijilinganishe na wilaya, na wagonjwa waliopewa rangi nyekundu wakati wa kupangwa kwa uzito wa hali zao walinganishwe na wenye nyekundu. Tathmini ya nyota kwa vituo vya afya iliyoanza 2015/16 ilituonyesha kila kituo kimesimama wapi, kuanzia sifuri hadi nyota tano, na ilifanya watu waamke. Lakini nyota haikuelezi jirani yako alipitia wapi mpaka akaipata. Hilo lazima uende ukaulize.

Na tuanze na vitu ambavyo tayari viko mikononi mwetu. Je, kila aliyeletwa amepoteza fahamu au ana degedege alipimwa sukari, na ndani ya dakika ngapi? Mtoto anayehema kwa shida aliwekewa oksijeni baada ya muda gani tangu getini? Mwenye maambukizi makali alipata lini dozi ya kwanza ya dawa, dozi yenyewe, si cheti cha dawa? Hayo hayahitaji mashine ya CT. Hospitali yenye kipimo cha sukari kinachokaa mfukoni mwa muuguzi wa zamu itaishinda ile inayokifungia ofisini kwa sista, na mtaligundua hilo siku ya kwanza ya kutembeleana.

Kwa hiyo ombi langu ni la kazi. Kabla hatujatawanyika, kila hospitali ichague mwenzake wa ngazi moja. Mkubaliane maana ya kufika. Mchague kipimo kimoja kati ya hivyo, mkihesabu kwa miezi mitatu, mchana na usiku kwa kutenganisha, kisha mtembeleane. Atakayekwenda asiwe bosi peke yake. Aende muuguzi wa zamu, aende anayesukuma machela, aende dereva, na mlale huko usiku mmoja mwone zamu ikikabidhiwa. Waulizeni pia walichojaribu kikashindikana. Karatasi ya kuandikisha jozi iko kwa katibu, pale mlangoni. Namba ya simu mtakayoandika iwe ya chumba cha dharura chenyewe, inayopokelewa saa tisa za usiku, si ya ofisi ya utawala.

Asanteni sana.